Fundi Mwoga na Ng'ombe Wake wa Chuma

Fundi aliogopa filimbi, pikipiki, mbwa wasiobweka, watu wenye kalamu mfukoni, na kimya cha saa nane mchana. Naanza na hofu zake kwa sababu ndizo zilizokaa mlangoni kwake. Usingeweza kumfikia mwenyewe bila kuzipita. Ukibisha hodi, kwanza husikii kitu. Halafu unasikia kitu kizito kikisukumwa sakafuni. Halafu sauti: "Nani?" Unataja jina. "Na nani mwingine?" Uko peke yako. "Na huyo nyuma yako?" Nyuma yako kuna mbuzi. Ndipo komeo linapofunguka, pua inatangulia, na mbuzi anakaguliwa kabla yako.

Bariadi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mafundi wengine walikuwepo, wa baiskeli, wa redio, wa mabati, na hao ilibidi uwaongezee kazi yao ili ueleweke. Yeye alitengeneza vyerehani, akawa Fundi, basi. Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na mji wetu ulikuwa na barabara mbili, ya vumbi na ya tope, nayo ilikuwa ni ileile, inategemea umekuja mwezi gani.

Nisimfanye kichekesho. Miaka ile sote tuliogopa. Yeye hakujua tu kuficha. Maduka yalikuwa na rafu na mwenye duka, zaidi ya hapo ungesubiri. Kisha ukaja msako wa walanguzi, na ghafla kuwa na kitu kukawa kubaya kuliko kukosa. Kukutwa na sabuni za ziada bila stakabadhi kulitosha mtu kupandishwa kwenye Landrova mbele ya watoto wake, na wengine hatukujua walishushwa wapi. Watu wakatupa mali zao usiku. Jirani yangu alimwaga sabuni zake chooni, na kwa wiki kadhaa choo kile kilikuwa kisafi kuliko sisi.

Sasa mfikirie mtu ambaye kazi yake yote ni kuwa na vitu vidogovidogo visivyo na stakabadhi.

Mimi nilishona barazani, mbele ya moja ya maduka yale ya rafu. Cherehani changu nilikirithi kwa shangazi, cha zamani, cheusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kusuguliwa na viwiko vya watu wawili. Kilinipeleka kwa Fundi mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwa ndugu zangu. Ndiyo maana namjua.

Alikuwa na tabia moja iliyomtisha kila mteja mpya: vitu vidogo alivihifadhi kinywani. Skrubu, springi, sindano, vyote vilikaa shavuni mpaka vihitajike, na kila kimoja alikitoa kwa ulimi bila kukosea. Nilimwuliza mara moja kama haogopi kumeza. "Meza inamwaga," alisema, "na mfuko unatoboka. Mdomo ndio stoo yangu pekee yenye mlango." Kwa hiyo ukimkuta kazini hakujibu salamu. Alikuangalia tu, shavu limejaa, macho yamemtoka, ukadhani umeingilia msiba.

Na mtu huyohuyo, aliyemwamkia hata karani wa pamba kwa mikono miwili, alipofunga mlango na kubaki na cherehani alikuwa polisi. Nilimsikia mwenyewe kupitia dirishani. "Sema! Nani amekulisha mafuta ya kupikia? Sema sasa hivi, nisikufungue mpaka utumbo!" Cherehani, kama kawaida ya washitakiwa, hakikusema. Akakifungua mpaka utumbo.

Mafuta ya kupikia ndiyo yalikuwa ugonjwa wa kwanza wa nchi yetu hii ya pamba. Mafuta ya mashine hayakupatikana, lakini mafuta ya mbegu za pamba mtu hakukosa kijiko. Wiki ya kwanza cherehani kinateleza kama kimezaliwa upya. Wiki ya tatu mafuta yamegeuka gundi, gurudumu halizunguki, na mwenyewe anakuja kwa Fundi akiapa kuwa kimelogwa. Fundi alikilaza kichwa cha cherehani kwenye karai, akakiogesha kwa mafuta ya taa siku nzima, akakisugua kwa unyoya wa kuku. Mwalimu mmoja wa kike alirudishiwa chake kikiwa kinanukia maandazi kwa mbali. "Umekitia nini, Fundi?" "Mimi nimetoa, mwalimu. Wewe ndiye uliyetia."

Kisha akaogopa kwamba amemkosea heshima, akaenda kumwomba radhi shuleni, na alipowaona watoto wako mstarini wamesimama kimya akageuka njiani.

Kwa vifaa alikuwa na njia zake. Mkanda wa gurudumu aliukata kwenye ngozi ya ng'ombe, ambayo kwetu haikuwahi kuadimika hata nchi ilipokosa kila kitu. Aliilowanisha, akaivuta, akaizungusha chini ya unyayo mpaka ikawa kamba ya mviringo, na siku za joto nguo ulizoshona zilinukia zizi kidogo, lakini ulishona. Springi ya kubana uzi aliipinda kwa waya wa mwavuli uliokufa. Kipande cha tyubu ya baiskeli kiliziba pengo la mpira wa kuzungushia uzi wa bobini. Bei ya kazi hizo ilikuwa ndogo, na ilizidi kuwa ndogo ukimtazama.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Bei naihesabu mara mbili, mara moja kichwani, mara ya pili kwa kuviangalia viatu vya muuzaji. Kwa Fundi ujuzi huo ulioza. Anataja bei huku anatazama mlango, unavuta pumzi tu uanze, yeye ameshapunguza. Unakohoa, amepunguza tena. Nilitoka kwake mara nyingi nimelipa kidogo na nimeudhika, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Lakini vipo vyuma ambavyo huwezi kuvipinda kwa waya wa mwavuli. Kikombe cha bobini ni kimoja: kile kidude kidogo kinachokaa chini ya sindano na kushika uzi wa chini. Kinatoshea kwenye kiganja cha mtoto, na kikiharibika cherehani chote kilichobaki ni mzigo. Changu kilipasuka mdomo. Uzi ukawa unajikusanya chini ya kitambaa kama tambi. Nilikuwa nimepokea vitambaa vya sare za shule kutoka kwa wazazi waliovipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri, na wazazi hao walikuwa wameanza kupita barazani kwangu polepole bila kunisalimu.

Duka la ushirika waliniambia nirudi mwezi ujao, kwa sauti ya watu waliokwisha kuisema sentensi hiyo mwezi uliopita. Mchuuzi aliyetoka Mwanza alikuwa nacho kimoja, kimechoka, akataka bei ya mbuzi mwenye mimba. Fundi alikichomea changu mara mbili, kikapasuka pembeni ya alipochomea.

"Unacho kingine, Fundi," nilimwambia. "Najua unacho."

Akafunga dirisha. "Sina kitu ndani ya nyumba hii. Njoo upekue."

Na kweli hakuwa nacho. Ndani ya nyumba.

Hapa inabidi nieleze jambo alilojifunza kwa mkewe, mama mrefu wa Migato ambaye hakuogopa kitu chochote na alizungumza na mumewe kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Baba wa mama huyu alikuwa na ng'ombe wengi, lakini zizini kwake ulikuta wachache tu. Wengine aliwagawa kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule, wawalee. Ndiyo desturi ya Wasukuma tangu zamani: ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi mali yote, na mwizi akija anakuta kidogo. Anayelea anakunywa maziwa. Hauzi, hagawi. Na ng'ombe akifa, anamletea mwenyewe ngozi, ili aone kwa macho yake kwamba mnyama alikufa na hakuliwa kwa siri.

Msako ulipoanza kutajwa, mama yule alimwangalia mumewe akizunguka chumbani na kopo la vyuma, hajui alifukie wapi. Akamwambia, "Wewe mwanaume, gawa ng'ombe zako."

Akagawa. Alikuwa na vyuma vizuri, alivyovinunua kwa mwenye duka aliyehama, na vingine vilivyovuka mpaka bila kujitambulisha. Kila kimoja akakipeleka kwa mtu mwenye cherehani cha kufanana nacho, mbali na mji. Meno mapya ya kusukumia kitambaa yalikwenda Zagayu, kwa mzee mmoja mkulima wa pamba. Mzee huyo pia alipewa kikombe cha bobini kipya kabisa, bado kina mng'ao wa kiwandani, awe anakibadilisha na chake. Vingine vilikwenda Lalago kwa mama aliyeshonea kwaya ya kanisa lake, na Migato kwa mashemeji wawili. Sheria zilikuwa zilezile. Tumia. Usiuze. Kikivunjika, leta ngozi.

Niliposikia nilikwenda kudai. "Mbona mimi hukunipa wa kulea?"

"Wewe?" Alisahau kuogopa kwa kitambo. "Wewe dada utamuuza ng'ombe wangu kabla hajafika nyumbani. Na baadaye utakuja kunidai nauli."

Nililichukia neno hilo kwa sababu mkewe alicheka.

Basi ikafika siku ambayo balozi wa nyumba kumi alitukusanya na kusoma agizo: msako unaingia wilayani. Kila mtu abaki na kilicho chake tu. Atakayekutwa na mali ya mwingine ataeleza mbele ya wakubwa. Agizo hilo lilisomwa mjini, likasomwa na vijijini. Sisi wa mjini tulielewa maana yake: ficha. Waliokuwa wakilea ng'ombe wa Fundi walielewa kama watu waungwana wanavyoelewa maneno, kwamba mali ya mtu irudi kwa mwenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa kwa Fundi kujaribu mara ya mwisho. Nilikuwa nimepanga kuanza na bei ya chini, nipandishe kidogo, kisha nilie. Sijafika kwenye kilio, hodi ikabishwa. Mzee wa Zagayu, vumbi la njia nzima usoni, baiskeli yake imeegemea ukuta.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka, bhabha," Fundi alijibu kupitia upenyo.

Wakaamkiana kwa Kisukuma, nyumba, watoto, mvua, pamba, ng'ombe wa kweli. Kisha mzee akafungua fundo la kitambaa, akaweka mkekani yale meno na kile kikombe kinachong'aa. "Nimewarudisha. Hawana kidonda. Wamenishonea wajukuu wote. Wabeja, asante."

Fundi alivitazama kama mtu aliyewekewa nyoka wawili. "Mzee wangu, rudi navyo. Leo si siku nzuri."

"Tangazo nimelisikia kwa masikio haya. Cha mtu ni cha mtu."

"Nakuomba!"

Mzee akaanza kukasirika kwa utulivu. "Ng'ombe akirudi, unamkataa? Unataka watu waseme mimi ni mwizi, au waseme wewe una wazimu?"

Kabla hajajibiwa ikaingia hodi nyingine. Mama wa Lalago, ameshuka kwenye lori la marobota ya pamba, ana chuma chake ndani ya kopo la chumvi. Na alikuwa hajakaa sawasawa walipofika mashemeji wawili wa Migato kwa miguu, kila mmoja na fundo lake, wanatabasamu kwa uaminifu. Mmoja wao chuma chake kilikuwa kimekatika. Alileta vipande vyote, akavipanga mkekani, akaeleza kilivyokufa na siku yenyewe ilivyokuwa.

Vyuma vyote ambavyo Fundi alivitawanya wilaya mbili vilikuwa sasa juu ya mkeka mmoja, katika siku ile moja ambayo havikutakiwa kuwa hapo. Watu waliovileta walikaa ukutani wakisubiri chakula, maana aliyerudisha ng'ombe haondoki na njaa. Mkewe tayari alikuwa anapanga kuni.

"Usiwashe moto!" Fundi alinong'ona. "Wataona moshi!"

"Wageni wanakula," mkewe alisema. "Wakikukamata, watakukamata wageni wako wakiwa wameshiba."

Hapo filimbi ikalia, mbali, upande wa mnadani. Fundi alikaa chini. Nimeona watu wakiogopa, na mimi mwenyewe siku ile mgongo wangu ulikuwa umelowa, lakini sijawahi kuona uso ukiisha damu namna ile, kuanzia paji mpaka kidevu, kama maji yanavyoshuka kwenye chupa. Mkewe aliacha kuni, akamshika bega. Niliona kwamba hata yeye sasa mkono ulikuwa mzito.

Kona ya chumba kulikuwa na vichwa vya vyerehani vilivyokufa, ambavyo Fundi alivinunua kwa bei ya chuma chakavu. Nilivihesabu: vitano. Nikarudia: vitano.

"Fundi," nikasema, "chuma kikiwa mkekani, ni mali iliyofichwa. Kikiwa ndani ya cherehani, ni nini?"

Akanyoosha mkono, akachukua bisibisi, na nikaona jambo ambalo nimeliona kwake tu. Mkono uliokuwa unatetemeka kama jani ulipogusa kile kipini ukatulia. Mwili mwingine wote uliendelea kutetemeka, meno yaligongana, goti lilipiga sakafu, lakini mkono ulikuwa wa mtu mwingine. "Mlaze huyo," aliamuru. "Wewe mzee, shika taya. Mama wa Lalago, skrubu hizo, zipange kwa urefu!" Mzee wa Zagayu alishika kichwa cha cherehani kama anavyomshika ndama wa kuchanjwa. Mimi nilipaka mafuta, mkewe akarudi kwenye moto wake. Filimbi ikalia tena, nyumba za karibu. Meno yakaingia kwenye cha kwanza. Chuma cha Lalago kikaingia kwenye cha pili. Fundi alikuwa anavifokea kwa sauti ya chini, "Kaa! Kaa hapo, mshenzi wewe!" na machozi yanamtiririka.

Vyote, hata vile vipande vilivyokatika, viliingia isipokuwa kimoja. Vile vichwa vitano vilikuwa vya zamani sana, vya aina inayotumia chuma kirefu chenye umbo la mtumbwi badala ya kikombe. Kikombe kile kipya, kinachong'aa, hakikuwa na mahali pa kukaa. Kililala kiganjani mwa Fundi kikitumeremetea sote. Mlango ukagongwa kwa kitako cha rungu.

Akakitia mdomoni.

Waliingia watatu: mgambo wawili na mkubwa wao mwenye suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni. Alivitazama vyerehani, akawatazama wageni, akatazama sufuria jikoni.

"Vyerehani vitano. Wewe ni fundi au ni kiwanda?"

Fundi alimwamkia kwa mikono miwili. Hakusema.

"Nakuuliza. Vipuri viko wapi?"

"Mkubwa," nikasema, "hakuna kipuri hapa, kuna vyerehani tu. Unaviona."

"Wewe nimekuuliza? Yeye hana mdomo?"

Nikamwangalia Fundi. Shavu la kushoto lilikuwa limetoka kama ngumi ya mtoto. "Jino, mkubwa," nikasema. "Limemvimba tangu juzi."

Mkubwa yule hakuzaliwa jana. Alimgeukia mzee wa Zagayu, ambaye uso wake ulionyesha wazi kwamba hajawahi kusema uongo na hajui unaanzia wapi. "Mzee. Huyu anaumwa jino?"

Nilisikia ugali ukitokota. Mzee alimtazama Fundi kwa makini, kama mtu anayenunua. "Jino silioni," alisema. "Shavu limevimba. Hilo naliona."

"Kaa pale. Shona," mkubwa akamwambia Fundi.

Akakaa. Akashona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, kwa cherehani ambacho dakika chache kabla kilikuwa chuma chakavu, na kilishona. Mate yalianza kumdondoka, hakuweza kuyameza. Mgambo mmoja, kijana mwenye huruma, na huruma yake ilikuwa karibu kutuua, akasogea. "Pole mzee. Hata mimi liliniuma hivyo. Fungua nione kama ni gego."

Fundi alitikisa kichwa.

"Fungua tu mzee, mimi sikudhuru."

"Fungua," mkubwa akasema, kwa sauti nyingine.

Mkewe akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi, ugali umeganda juu yake. "Afungue nini? Jana alifungua nikahama chumba! Usaha mpaka kwenye mto. Mnataka kula hapa au hamtaki?"

Mkubwa akarudi nyuma hatua moja. "Acha, acha. Mwacheni." Akajifuta midomo kama usaha umemgusa. Na kwa kuwa alikuwa ameshafungua mdomo na lazima aamuru kitu, akaamuru: "Vyerehani vizima havilali kwa fundi. Hii siyo stoo. Wenyewe wavichukue sasa hivi, nikiona."

Hakuna aliyeinuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenyewe. Nilimwona mzee wa Zagayu akikunja na kukunjua vidole vyake. Mwishowe akasimama, akamwendea Fundi, na kumwuliza kwa upole kama vile chumbani kulikuwa na wao wawili tu: "Nikulelee huyu?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mzee akabeba.

"Na mimi nikulelee," akasema mama wa Lalago. Kisha mashemeji, mmoja na mwingine. Mkubwa alikuwa anahimiza, "Beba, beba, maneno ya nini?" Kikabaki kimoja. Fundi akanitazama mimi, mdomo umefungwa. Nikakitwika kichwani.

Kwa hiyo ng'ombe wote waligawiwa tena, mbele ya serikali, kwa amri yake. Wale watatu waliondoka na debe lake la mafuta ya taa, kwa kuwa nalo halikuwa na stakabadhi. Wageni walikula kwanza, kisha wakafunga mizigo yao.

Tulipobaki, Fundi, ambaye hakuthubutu kufungua mdomo hata wageni walipokula, aliinamia kiganja changu akakitema kikombe, kina moto wa mwili wake. Taya lake halikufunga sawasawa mpaka jioni. Nilianza kusema habari ya bei. Ni mazoea, sikuweza kujizuia. Akaweka kidole midomoni.

"Sikuuzii," alisema. "Lea."

Sare za shule nilizimaliza. Wazazi wakaanza tena kunisalimu.

Hakuwahi kupona siku ile. Wengine tuliisimulia, tukaipamba, ikawa ya kuchekesha, yeye hakucheka. Aliongeza komeo la pili. Aliacha kula ugali wa moto mbele ya watu, asije akaonekana amefungua mdomo. Lakini kazi hakuacha, na nilimsikia bado dirishani, "Sema! Nani amekutuma?"

Miaka ikaenda. Maduka yakajaa, vikombe vya bobini vikauzwa kwenye sahani za plastiki kama karanga, bei ambayo hata kupatana ni kujidhalilisha. Changu kilinishonea muda mrefu sana. Kilipokatika sikukitupa. Nilikifunga kwenye kitambaa nikaenda.

Nikabisha hodi. Kimya. Kitu kizito kikasukumwa.

"Nani?"

"Nimeleta ngozi, Fundi."

Hakuuliza nyuma yangu kuna nani. Makomeo yote mawili yakafunguka.

Alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa ametangulia. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, jicho moja limefunga ukungu, mashavu yameingia ndani kwa kukosa meno. Alivipokea vipande viwili, akavipitisha kidole gumba, akavisikiliza.

"Alikufaje?"

Nikamweleza kama nilivyomsikia yule shemeji wa Migato akieleza: mchana, nikiwa nashona gauni la harusi, mshono wa mwisho mwisho.

"Hakuteseka?"

"Hakuteseka."

Akaridhika. Akaenda kwenye kona, akarudi na kikombe kingine, kizima, kimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. "Huyu ndugu yake. Lea."

"Fundi, siku hizi vinauzwa pale kona."

"Vya bati," alisema kwa dharau, akakiweka mkononi mwangu.

Ndipo nje gari likaja kwa kasi, likafunga breki mbele ya nyumba. Mlango wa gari ukabamizwa. Mtu akapiga kelele jina la mtu. Fundi alikauka. Nami nilikauka, mwanamke mzima, mwenye vyerehani vitatu na leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani. Tukasikia kreti zikishushwa. Chupa zikagongana. Soda za duka la jirani. Gari likaondoka, vumbi likaingia kupitia chini ya mlango.

Fundi akashusha pumzi. Akatazama mkono wangu, ulikuwa mtupu. Akatazama mkeka, mtupu. Kisha akainua lile jicho lake zima, akaniangalia shavuni.

"Jino?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.